Akiba Haiozi, Lakini Umeme Huoza: Betri za Maji na Mahitaji ya West Nile

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Usemi huo ni wa kweli kwa mtama uliomo ghalani, kwa samaki aliyekaushwa pale Panyimur, na kwa fedha iliyowekwa benki. Lakini iko mali moja ambayo kwa asili yake huoza mara tu izaliwapo, nayo ni umeme. Umeme unaofuliwa saa sita mchana hauna budi kutumiwa saa ile ile. Usipotumiwa, ni sawa na maji yaliyomwagika mchangani. Mwananchi anayeuhitaji saa mbili usiku hapati faida yoyote kwa kuambiwa kwamba mchana ulikuwapo wa kutosha.

Ndugu wasikilizaji, pengine hakuna sehemu ya Uganda iliyolielewa jambo hilo kwa uchungu zaidi kuliko West Nile. Bwawa la Owen Falls huko Jinja lilifunguliwa mwaka 1954, na kwa miongo mingi umeme wake ulikwenda Kampala, Tororo na hata ng'ambo ya mpaka nchini Kenya. Arua na Koboko, zilizoko ng'ambo ya mto Nile katika pembe ya kaskazini-magharibi ya nchi, zilibaki nje ya gridi ya taifa. Huko kulitegemewa jenereta za dizeli zilizowashwa kwa saa chache tu, na mafuta yake yalisafirishwa kwa malori kutoka pwani ya Kenya, safari ambayo iliongeza gharama katika kila kilomita.

Mwaka 2003 kampuni ya West Nile Rural Electrification, ijulikanayo kwa kifupi kama WENRECo, ilipewa dhamana ya kufua na kusambaza umeme katika eneo hilo. Mtambo wa mafuta mazito wenye uwezo wa megawati 1.5 ulifanya kazi mjini Arua. Mwaka 2012 kituo cha kwanza cha maporomoko ya mto Nyagak, karibu na Paidha katika wilaya ya Zombo, kilianza kufua umeme kwa mashine mbili zenye jumla ya megawati 3.5. Hayo yalikuwa maendeleo makubwa. Hata hivyo, mto Nyagak si ziwa. Wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Machi, maji hupungua, na mashine haziwezi kuzungushwa na mto uliokauka. Mahitaji ya watu nayo hayakungoja mvua: miji ilipanuka, vinu vya kusaga mihogo na mahindi viliongezeka, wachomeleaji walifungua karakana, na hospitali zikapata vifaa visivyoweza kufanya kazi kwa mwanga wa taa ya mafuta.

Katika miaka ya 2020 laini ya msongo wa kilovolti 132, inayotoka Kole kupitia Gulu na Nebbi, iliifikia Arua, na gridi ya taifa ikavuka mto Nile hatimaye. Ni kweli kwamba jambo hilo limebadili hali. Lakini ni kweli pia kwamba eneo lililoko mwisho wa laini ndefu hubaki katika hatari ya pekee. Nguzo moja ikianguka, au kituo kimoja njiani kikipata hitilafu, walioko mwisho wa waya ndio wanaokaa gizani. Kwa hiyo swali la kuweka akiba ya umeme halikufa siku ile laini ilipofika. Limebadilika sura tu.

Kabla ya kulijibu swali hilo, yafaa kutazama jinsi jua lifanyavyo kazi katika nchi hii. Kiangazi kile kile kinachopunguza maji ya Nyagak ndicho kinacholeta anga safi na jua kali. Paneli za jua hufua umeme mwingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Lakini matumizi ya majumbani hupanda kuanzia machweo, saa moja jioni, wakati taa, redio, televisheni na pasi vinapowashwa kwa pamoja. Jua na mahitaji hupishana mlangoni, mmoja akitoka mwingine akiingia. Anayetaka kuvikutanisha viwili hivyo hana budi kuwa na ghala.

Ghala linalojulikana na watu wengi ni betri ya risasi, ile ya gari. Vijijini, betri hizo zimefungwa pamoja na paneli katika maduka, zahanati na nyumba za ibada. Kasoro yake inajulikana vile vile: ikitumiwa kila siku mpaka kuisha nguvu, haichukui miaka mingi kabla ya kufa, na mzoga wake hubaki na risasi iliyo sumu kwa udongo na kwa watoto. Ghala la pili ni betri ya lithi, iliyomo katika simu za mkononi na katika magari ya umeme. Bei yake ilishuka sana kati ya mwaka 2010 na 2024, na leo hii sehemu kubwa ya maghala mapya ya umeme duniani ni ya aina hiyo. Ghala la tatu ndilo linalohusu mazungumzo haya, nalo ni betri ya mtiririko inayotumia maji.

Jinsi ya kuielewa betri hiyo ni rahisi kwa mtu aliyewahi kupeleka nafaka kusagwa. Kinu kina ukubwa wake, na ghala la nafaka lina ukubwa wake. Ukubwa wa kinu ndio unaoamua ni magunia mangapi yatasagwa kwa saa moja. Ukubwa wa ghala ndio unaoamua kazi itaendelea kwa saa ngapi. Katika betri ya kawaida, kinu na ghala vimefungwa ndani ya sanduku moja, na anayetaka kuongeza ghala hulazimika kununua na kinu kingine. Katika betri ya mtiririko viwili hivyo vimetenganishwa. Umeme huhifadhiwa katika vimiminiko vilivyomo ndani ya matangi mawili makubwa, na kinu ni mtambo wa seli uliowekwa katikati. Pampu husukuma vimiminiko hivyo vipite katika seli na kurudi katika matangi yake. Anayetaka saa nyingi zaidi za umeme huongeza ukubwa wa matangi na kimiminiko chake. Si lazima aongeze seli hata moja.

Vimiminiko hivyo ni maji yaliyoyeyushiwa madini. Atomu za madini zina uwezo wa kutoa elektroni na wa kuzipokea. Wakati wa kuchaji, umeme wa jua huzilazimisha elektroni kutoka katika kimiminiko cha tangi moja na kuingia katika kile cha tangi la pili kupitia waya wa nje. Wakati wa kutumia, elektroni hizo hurudi zilikotoka kwa hiari yake, na katika kurudi kwake huwasha taa na kuzungusha mota. Katikati ya kila seli kuna utando mwembamba. Kazi yake ni kuvizuia vimiminiko viwili visichanganyike, huku ukiruhusu chembe ndogo za haidrojeni zenye chaji kupita ili mzunguko wa umeme ukamilike.

Wazo hilo si la jana. Katika miaka ya 1970, wakati bei ya mafuta ilipopanda ghafla na mataifa makubwa yakaanza kutafuta njia nyingine, mtaalamu Lawrence Thaller wa shirika la anga la Marekani, NASA, aliunda betri ya aina hii kwa kutumia chuma katika tangi moja na kromi katika tangi la pili. Betri hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa na ugonjwa. Hakuna utando usiovuja hata kidogo. Kadiri siku zilivyopita, chuma kilipenya upande wa kromi na kromi upande wa chuma, na nguvu ya betri ikapungua.

Dawa ilipatikana nchini Australia katika miaka ya 1980. Katika Chuo Kikuu cha New South Wales, Profesa Maria Skyllas-Kazacos na wenzake walitumia madini ya aina moja katika matangi yote mawili. Madini hayo ni vanadi, ambayo ina tabia adimu: atomu yake huweza kukaa katika maji yenye asidi ya salfa kwa hali nne tofauti, kwa kadiri ya elektroni ilizopoteza. Kila hali ina rangi yake, nayo ni zambarau, kijani, buluu na manjano. Hali mbili hutumika upande mmoja wa utando na mbili upande wa pili. Vanadi kidogo ikipenya kwenda upande wa jirani, haiwi uchafu, kwa kuwa ni vanadi imekutana na vanadi. Kinachopotea ni chaji kidogo tu, na fundi anaweza kusawazisha vimiminiko hivyo na kuanza tena. Ndiyo sababu inasemwa kwamba kimiminiko cha vanadi hakizeeki. Seli na pampu huchakaa na kubadilishwa, lakini kilichomo ndani ya matangi huweza kutumika kwa miongo, kisha kikauzwa au kikahamishiwa katika betri nyingine.

Mwaka 2022 huko Dalian, nchini China, betri ya vanadi yenye uwezo wa megawati 100, inayoweza kutoa nguvu hiyo kwa saa 4, iliunganishwa na gridi. Kwa hiyo jambo linalozungumzwa hapa limekwisha kutoka katika maabara.

Je, ghala la namna hiyo lingekuwa na ukubwa gani kama lingejengwa Arua? Hesabu yake si ngumu. Tuseme mji unataka megawati 2 kwa muda wa saa 5 za jioni, kiasi kinachokaribia kazi ya zaidi kidogo ya mashine moja ya kituo cha kwanza cha Nyagak. Megawati 2 mara saa 5 ni megawati-saa 10. Lita moja ya kimiminiko cha vanadi hubeba wati-saa 20 hivi, pande zote mbili zikihesabiwa pamoja. Kwa hiyo zitahitajika lita 500,000, yaani matangi 50 ya lita 10,000 kila moja, kama yale meusi yanayoonekana juu ya minara ya maji mjini. Betri ya lithi yenye kazi hiyo hiyo ingechukua nafasi ndogo zaidi. Ndiyo maana betri ya mtiririko haifai kuwekwa katika gari wala katika simu. Lakini ghala la mji halisafiri. Kiwanja kipo, na uzito si hoja kwa kitu kinachokaa chini.

Hesabu haiishii hapo. Ghala la nafaka lina panya wake, na ghala la umeme nalo lina panya wake. Pampu hula umeme, na kila mabadiliko ndani ya seli hupoteza kiasi fulani kwa njia ya joto. Kwa wastani, katika kila sehemu 10 za umeme zinazoingia katika betri hii, hutoka sehemu 7 hivi. Ili kupata megawati-saa 10 za jioni, zitahitajika megawati-saa 14 hivi za mchana, ambazo paneli zenye uwezo wa megawati 3 zaweza kuzifua siku ya jua zuri. Hasara hiyo yavumilika iwapo umeme wa mchana ungepotea bure. Lakini kama umeme wa kuchajia umenunuliwa kwa bei kamili, mnunuzi wa jioni ndiye atakayemlipia panya.

Faida iliyo wazi ni ya usalama. Kimiminiko cha betri ya vanadi ni maji kwa sehemu kubwa, na maji hayashiki moto. Mwezi Januari 2025, ghala kubwa la betri za lithi huko Moss Landing, katika jimbo la California nchini Marekani, liliwaka moto, na zaidi ya watu elfu moja wakaamriwa kuhama makwao. Mji usio na magari mengi ya zimamoto una haki ya kulitafakari tukio hilo. Pamoja na hayo, lisilowaka si lazima liwe lisilodhuru. Asidi ya salfa huunguza ngozi na kuharibu udongo, kwa hiyo matangi hayana budi kujengewa beseni la zege la kuzuia kimiminiko kisifike ardhini wala kisimani iwapo kutatokea uvujaji. Joto nalo ni la kuangaliwa. Kimiminiko cha vanadi kikizidi nyuzi 40 za sentigredi kikiwa kimechajiwa sana, madini huanza kuganda na kuziba njia. Arua iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari na joto lake si la jangwani, lakini tangi lililoachwa juani bila kivuli huweza kupita kiwango hicho. Banda la kivuli na mtambo wa kupoza ni sehemu ya gharama, wala si mapambo.

Kasoro kubwa zaidi ni bei. Vanadi huchimbwa kwa wingi katika nchi chache, hasa China, Urusi na Afrika Kusini, na sehemu kubwa yake hutumiwa na viwanda vya chuma. Viwanda hivyo vikiongeza manunuzi, bei hupaa, kama ilivyotokea mwaka 2018, kisha ikaporomoka tena. Nchi inayopanga bajeti yake kwa shilingi haiwezi kufurahia mali yenye tabia ya namna hiyo.

Kwa sababu hiyo wataalamu wanatafuta vitu vya kuyeyusha vilivyo rahisi kupatikana. Wako wanaotumia chuma pekee, njia iliyoelezwa na watafiti wa Marekani mwaka 1981. Chuma ni rahisi na Uganda inayo mawe yake katika milima ya Kigezi, ingawa betri yake ina shida ya kutoa gesi ya haidrojeni wakati wa kuchaji na huhitaji kusahihishwa mara kwa mara. Wako pia waliogeukia mimea. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, wakiongozwa na Michael Aziz, walitangaza betri ya maji iliyotumia kampaundi ya jamii ya kwinoni, ambayo haina madini ndani yake na ni ndugu wa vitu vilivyomo katika mimea. Msikilizaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Rangi ya hina, ambayo bibi harusi wa Koboko na wa Mombasa hupakwa mikononi, hutokana na kwinoni iitwayo losoni. Na mwaka 2019 watafiti hao hao waliunda kimiminiko cha betri kwa kuunganisha losoni mbili mbili. Hata hivyo, atomu ya vanadi haivunjiki, lakini molekuli ya mmea huvunjika taratibu. Kazi kubwa ya maabara hivi leo ni kuzifanya molekuli hizo zidumu kwa miaka mingi badala ya kwa miezi.

Liko fundisho jingine kutoka karibu na nyumbani. Katika miaka ya 2000, kampuni ya Canada iitwayo VRB Power Systems ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa betri za vanadi duniani, na betri zake ndogo zilipelekwa hata nchini Kenya kwa ajili ya mitambo ya simu. Mwishoni mwa mwaka 2008 kampuni hiyo iliishiwa fedha na kusimamisha shughuli zake, na mwaka 2009 mali zake zikachukuliwa na kampuni ya Prudent Energy. Kemia ya betri haikuwa na kosa. Lakini mnunuzi aliyeko mbali, ambaye hana fundi wake mwenyewe wala vipuri ghalani, hujikuta na chuma kisicho na mwenyewe siku muuzaji anapofunga mlango. West Nile imekwisha kuona jenereta nyingi zikinyamaza kwa kukosa kipuri kimoja.

Basi ipi ni njia ya busara? Kwanza, ni lazima ikumbukwe kwamba ghala kubwa na rahisi kuliko yote tayari lipo, nalo ni mto Nile wenyewe. Mchana, jua linapofanya kazi, vituo vilivyoko kwenye mto huo, pamoja na Karuma wenye megawati 600, vinaweza kupunguza mwendo. Na jioni vikaongeza. Kwa matumizi ya kawaida ya Arua na Koboko, laini ikiwa nzima, hakuna betri itakayoshindana na bei ya njia hiyo. Betri itastahili gharama yake pale ambapo laini haiwezi kuaminiwa peke yake: katika hospitali ya rufaa ya Arua, ambako mgonjwa aliye juu ya meza ya upasuaji hawezi kungoja nguzo isimamishwe, katika pampu za maji ya mji, katika friji za chanjo, na katika makazi yaliyo mbali na waya.

Pili, kila anayeleta mradi wa namna hii hana budi kuulizwa maswali matatu kabla ya mkataba kutiwa sahihi. Ni nani atakayeitengeneza betri katika mwaka wa kumi? Kimiminiko ni mali ya nani, na kitarudi wapi muda wake ukiisha? Umeme wa jioni utamgharimu mwananchi kiasi gani, hasara ya ghala ikiwa imehesabiwa? Mradi usiokuwa na majibu hayo kwa maandishi ni zawadi yenye deni ndani yake.

Tatu, mafundi waandaliwe mapema. Chuo Kikuu cha Muni, kilichopo Arua kwenyewe, na vyuo vya ufundi vya jimbo hilo vina vijana wanaoweza kujifunza kupima kimiminiko, kubadilisha utando na kutengeneza pampu. Sehemu kubwa ya mtambo huu ni matangi, mabomba na pampu, vitu ambavyo fundi bomba wa Koboko anavijua tangu zamani. Kemia yake inafundishika. Kijana aliyeifundishwa hatakuwa mlinzi wa lango la mtambo wa watu wengine, bali mwenye funguo zake.

West Nile ilingoja karibu miaka 70 tangu Owen Falls mpaka gridi ilipovuka mto. Itakuwa kosa kubwa kama itangoja tena miaka mingine kwa kudhani kwamba waya mmoja umemaliza kazi yote. Itakuwa kosa lile lile kama itapokea kila sanduku linaloletwa kwa jina la maendeleo bila kulifungua na kutazama kilichomo. Umeme huoza, na ghala lake ni la gharama. Mwenye kujenga ghala huanza kwa kuhesabu mavuno yake, kisha midomo anayotaka kuilisha, ndipo akachagua ukubwa wa ghala na mtu wa kulilinda.